Msimu Kanali Aliposema Ndiyo

Aprili 7

Daftari hili nimelitoa kwenye kabati la shule. Mwalimu mkuu ni mimi mwenyewe, kwa hiyo nimejiomba ruhusa na nikajikubalia.

Mtama umekuwa mwekundu bonde zima. Mama mkwe anasema jalidi, ule umande unaoganda, itawahi mwaka huu, magoti yake yamekwisha kumwambia. Mume wangu, Kanali mstaafu Seabata Mofoka, yuko Maseru bungeni. Jeshini alikaa miaka ishirini na minane, bungeni ana mwaka na miezi saba. Wakati wa jeshi nilijua namna ya kumsubiri. Kusubiri huku kwa sasa bado najifunza.

Aprili 15

Ukungu. Darasani watoto kumi na wanane tu, wengine wako mashambani wanafukuza ndege.

Mei 2

Wapimaji wamekuja na magari mawili. Wamepaka rangi nyeupe kwenye mawe, kutoka mlima wa mashariki hadi mwamba ulio nyuma ya kanisa. Bwawa likijengwa, maji yatafika pale kwenye rangi. Watoto wa shule wamekimbia jioni yote kutoka alama hadi alama kama vile ni mchezo. Mimi nimetembea taratibu. Nyumba yetu iko chini ya alama. Shule iko chini. Nyumba ya jirani yetu, Ntate Phuroe, iko chini kwa kimo cha watu watatu. Kaburi la Nyakallo liko chini sana, mwisho wa shamba, kwenye mipichi.

Nyakallo alikuwa mtoto wetu wa pekee. Jina langu la ndoa, 'Manyakallo, yaani mama wa Nyakallo, nilipewa siku ya harusi kabla hajatungwa mimba, kama desturi yetu ilivyo. Alipozaliwa alilikuta jina linamngoja. Alikufa na miaka kumi na mmoja, na sasa imepita kumi na minne. Jina mimi bado ninalo.

Nilimpigia simu Seabata.

"Ni rangi tu hiyo," akasema. "Muswada wa bwawa bado haujafika mezani."

"Rangi haitoki kwenye jiwe, Ntate."

"Ukifika mezani, kazi yangu itaanza."

Mei 10

Jalidi. Mama mkwe anatembea kifua mbele, magoti yake yameshinda.

Mei 18

Kanali amekuja. Gari lilimfikisha kituo cha polisi, kilomita tisa zilizobaki akaja na farasi wa Phuroe. Ana miaka sitini na moja, na ukimwona juu ya farasi utafikiri mgongo wake umefungwa ubao. Chifu akaitisha mkutano uwanjani, watu wakajaa na mablanketi yao, wanawake upande wetu, wanaume upande wao.

Phuroe ndiye aliyesimama kwanza. Huyu ndiye aliyemtoa Seabata kwenye kiti chake cha kustaafu. Alikuja nyumbani akakaa siku mbili anakula chakula changu, anarudia neno moja: "Sisi wakulima tukisema hapana, huko mjini wanasikia upepo. Wewe Kanali ukisema hapana, watakumbuka bunduki." Akazunguka vijiji ishirini na saba kumwombea kura, hadi sauti ikamkauka.

Jana sauti alikuwa nayo. "Kanali," akasema, "mimi ni mtu mjinga, shule niliiacha ilipoanza kunipenda. Nieleze kwa neno moja. Ndiyo au hapana?"

Watu wakacheka. Seabata hakucheka.

"Hapana," akasema. "Nitaisema kwa sauti, na ninyi mtaisikia redioni hapa hapa."

Wanawake wakapiga vigelegele hadi farasi wakashtuka. Mama mkwe wangu, ambaye hacheki ovyo, alinifinya mkono. Usiku sikuandika, naandika asubuhi hii. Ameamka mapema, amekaa mlangoni anang'arisha viatu mwenyewe. Hajawahi kumwachia mtu viatu vyake. Nilimtazama, nikasema moyoni kwamba nimezeeka na mtu mwema.

Mei 31

Tumeanza kuvuna mtama. Mikono imepasuka.

Juni 5

Tunavuna.

Juni 9

Seabata alituma ujumbe nipande mlimani kwenye mtandao mzuri. Nikajua si jambo dogo, maana mambo madogo huyasema hata sauti ikikatika.

"Mnadhimu wa chama ametuita," akasema. "Kila mbunge wetu atapiga kura ya ndiyo."

"Na wewe umemwambia nini?"

Upepo ule wa juu ukanipiga masikioni.

"Tunatofautiana na wapinzani kwa kiti kimoja, Mama Nyakallo. Mmoja wetu akitoka, serikali inaanguka. Ikianguka, vijana wataingia barabarani. Wewe hukuuona mji ulipoungua. Mimi niliuona. Niliokota watu."

"Nimekuuliza umemwambia nini."

"Nimesema nimesikia."

Miaka ishirini na minane, ukitoa wiki za mafunzo, nimeishi na neno hilo. Jeshini ukisema umesikia, maana yake umekubali. Nikamwambia Bunge si kambi. Akasema anajua. Nikamwambia aliwaahidi watu uwanjani, na chifu akiwepo. Akasema anajua hilo pia. Nikashuka mlima, sikumwambia mtu. Phuroe alikuwa anapanga masuke, akaniuliza, "Kamanda wetu anasemaje?" Nikasema anawasalimu. Ndivyo nilivyojibu, mimi ninayewachapa watoto kwa uongo.

Juni 13

Leo tumepura mtama kwa Phuroe. Watu kama arobaini, wanaume wameshika fimbo wanapiga kwa zamu, wanawake tunapepeta. Phuroe alileta redio, akaitundika kwenye nguzo ya zizi. "Leo tutapura hapa na kule bungeni," akasema. Alikuwa amechinja kondoo. Mke wake amepika nyama na ugali, na pombe ya mtama ilikuwa tayari imeiva kwenye mtungi.

Mama mkwe wangu aliwekewa kiti karibu na redio. Mama wa mbunge.

Majina ya wabunge yalianza kusomwa baada ya saa sita. Kila jina, jibu. Ndiyo. Ndiyo. Hapana. Ndiyo. Fimbo zilikuwa zimesimama. Nilikuwa na ungo mkononi, nao una mtama, na nakumbuka niliendelea kuutikisa ingawa makapi yalikuwa yamekwisha.

"Mheshimiwa Seabata Mofoka."

"Ndiyo."

Sauti yake haikutetemeka. Ilikuwa sauti ya gwaride.

Redio ikaendelea na majina mengine. Mama mkwe akawageukia watu akasema, "Redio imekosea. Huyo si mwanangu." Mwishoni Spika akasoma hesabu: ndiyo sabini na tisa, hapana thelathini na nne. Wapinzani nao walikuwa wamegawanyika, wengine wao wamesema ndiyo.

Phuroe akanyanyuka, akazima redio, akaanza kuzungusha kamba yake polepole mkononi.

"Sabini na tisa," akasema. "Hata angekohoa tu pale, muswada ungepita. Hata hawakumhitaji."

Kisha akanijia. Nilidhani atanitukana, na ningekubali. Akaniita mama, kwa heshima, akasema, "M'e, nenda nyumbani na mama. Chukueni nyama, msiende mikono mitupu. Mlifanya kazi."

Nyama ile ipo kwenye sufuria. Hatukuila.

Juni 16

Theluji. Shule imefungwa.

Juni 17

Theluji. Kisimani wanawake wananipisha niteke kwanza, kama mgeni.

Juni 21

Mtoto wa darasa la tatu ameniuliza kama ni kweli samaki wataingia darasani. Nikamwambia ndiyo. Akauliza watakaa dawati la nani.

Juni 27

Amekuja bila kutoa taarifa. Hakuna aliyempa farasi. Kilomita tisa ametembea kwenye theluji, na kila aliyekutana naye, anasema, alimwamkia kwa heshima zote na kupita. Hilo limemuumiza kuliko matusi.

Mama yake alikuwa jikoni. Alimpa chai, akamwangalia akinywa hadi mwisho, ndipo akauliza.

"Kwenye redio ulikuwa wewe?"

"Ni mimi, mama."

"Baba yako yuko mle shambani. Mtoto wako yumo."

"Watahamishwa kwa heshima. Imeandikwa kwenye sheria. Nimehakikisha mwenyewe kifungu hicho kinaingia."

"Umehakikisha," mama akasema. Akachukua fimbo yake akaenda chumbani.

Tukabaki wawili. Nilikuwa nimejiandalia maneno kwa wiki mbili, makali, yamepangwa kama mtihani. Yote yalitoka kwa mpigo mbaya. Nikamwambia amewauza. Akasema hakupokea chochote, na najua ni kweli, mtu huyu hata kalamu ya Bunge huirudisha. Nikamwambia afadhali angepokea, maana mtu aliyehongwa angalau alitaka kitu.

"Waliniambia yote yako juu ya kura yangu," akasema. "Niliamini nchi inanitegemea."

"Waliwaambia wote hivyo."

"Sasa najua."

"Hukujua wakati ule kwamba unaweza kukataa?"

Akatazama mikono yake. "Nilisimama kusema hapana. Nilikuwa nayo mdomoni. Halafu mnadhimu akageuka akanitazama. Alinitazama tu."

Nilimhurumia, na nikakasirika kwa kumhurumia. Nikamtandikia sebuleni.

Julai 6

Mkutano uwanjani. Alisimama mbele ya watu akaomba radhi, maneno machache. Chifu akasema wamesikia. Hakuna aliyeuliza swali. Hapa kwetu mkutano usio na swali haujawahi kutokea, hata wa mazishi.

Julai 15

Wahamishaji wa makaburi wameanza. Wamejenga eneo jipya juu, lenye uzio na namba. Kila familia inaruhusiwa kufukua yenyewe au kuwaachia vibarua wa kampuni. Hakuna aliyewaachia vibarua. Wanaume wa kijiji wanakwenda pamoja, kaburi kwa kaburi, wanapokezana sepetu, mmoja anasali, wanawake wanaimba. Leo walimfukua baba mkwe wangu kwa sababu ni mzee wa kijiji, alikuwa mzee kabla hajawa baba wa mbunge. Seabata alisogea achukue sepetu. Phuroe akampita, akampa sepetu aliye upande wa pili.

Julai 22

Sijui nianzie wapi. Nitaandika kama ilivyokuwa.

Leo ilikuwa zamu ya Nyakallo. Seabata alitoka kumekucha na sepetu na sururu. Alikuwa amemwomba chifu, na chifu alitangaza. Nikabaki nyumbani na mama tukisubiri kusikia wanaume wakiteremka. Jua likatoka, likapanda. Hatukusikia miguu. Tulisikia sururu moja tu ikigonga, mbali, ardhi imeganda ngumu kama sakafu.

Mama akasema, "Wanamwacha peke yake."

Nikasema, "Waache wamwache."

Saa tano sikuweza tena. Nilijifunga blanketi nikateremka. Pale juu, kwenye ukuta wa zizi la Phuroe, wanaume walikuwa wamekaa wanaota jua, kumi na watano au zaidi, wanamtazama. Si kwa kucheka. Walikuwa wamekaa tu, na nyuso zao zilikuwa za watu wagonjwa. Phuroe alikuwa amegeukia ukuta.

Shimo lilikuwa limemfika Seabata kifuani. Koti amevua, shati limelowa katika baridi ile, mikono inatoka damu. Nikamwambia apande apumzike. Hakusikia, au alisikia. Muda si mrefu sururu ikatoa sauti nyingine, akaiweka pembeni, akapiga magoti akaanza kutumia vidole.

Ubao wa jeneza ulikuwa umekwisha kuwa udongo. Niliona kitambaa cha njano, sweta niliyomfumia. Nilidhani sufu huoza.

Akakaa chini mle ndani. Akasema, bila kuinua kichwa, "Sikuomba."

"Hukuomba nini?"

"Helikopta."

Lazima nieleze, ingawa hakuna atakayesoma. Nyakallo alishikwa na homa ya mapafu wakati wa theluji kubwa. Njia ilifungwa siku sita. Nilimpigia simu baba yake, wakati huo meja, kambini, ambako helikopta ilikuwepo. Akasema ataomba. Kesho yake akasema ameomba, wamekataa. Siku ya nne mtoto akafa mikononi mwangu, akiuliza kama ile sauti ni ya ndege au ni ya upepo. Miaka kumi na minne nimewachukia wakubwa wake ambao siwajui hata sura. Nimewaombea mabaya kanisani. Naye nilimhurumia, askari aliyenyimwa. Nilikuwa nikimshika kichwa usiku.

"Ilikuwa uwanjani," akasema. "Naiona dirishani. Amri ilikuwa isitumike kwa mambo ya familia za maofisa. Niliandika barua ya maombi, nikaikunja, nikasema nitaipeleka asubuhi. Asubuhi nikasema mchana. Niliona aibu kuomba. Niliogopa wataniambia hapana, na niliogopa zaidi wataniambia ndiyo halafu waseme Mofoka amevunja amri. Nikakuambia wamekataa."

Sikulia. Nilisikia mwili wangu wote unakuwa mwepesi, kama mtu aliyetua mzigo akagundua ulikuwa mkono wake.

Nikamwambia, "Toka humo."

Akatoka. Kwetu mwanamke haingii kaburini. Niliingia. Nilivua blanketi langu nikalitandika, nikamwokota mwanangu mwenyewe, kipande kwa kipande, na sweta yake, nikamfunga. Alikuwa mwepesi kuliko siku niliyomzaa. Seabata alinyoosha mikono anipokee nikamnyima. Nilipanda peke yangu, nimeshika udongo kwa viwiko.

Kutoka pale hadi makaburi mapya ni mwendo wa saa nzima, mlima mtupu. Nilipopita zizi la Phuroe wanaume wote walisimama, wakavua kofia. Phuroe akaja akatembea nyuma yangu, halafu mwingine, halafu wake zao wakatoka, mmoja akaanzisha wimbo. Mume wangu alikuwa wa mwisho kabisa, na sepetu begani. Sikugeuka kumtazama. Hilo naliandika kwa sababu niliambiwa na mama, aliyetutazama kutoka mlangoni.

Julai 23

Amerudi Maseru. Hakuniaga, au nilijifanya nimelala.

Julai 30

Baridi. Nimefundisha.

Agosti 9

Mama ameniuliza nini kilisemwa kule chini. Nikamwambia. Wakati wa chakula cha jioni akasema, "Nilimlea asibishane na wakubwa. Nilimpiga kwa hilo." Hakula.

Agosti 24

Tumehama. Nyumba mpya zimepangwa mistari juu ya mlima, zote sura moja, wazee wanaingia kwa majirani kwa bahati mbaya. Seabata alikuja kubomoa paa. Tulifanya kazi kutwa nzima, yeye juu anang'oa misumari, mimi chini napokea mabati. Maneno yetu yalikuwa "shika" na "achia."

Jioni aliweka begi lake mlangoni pa nyumba mpya.

"Mama analala kile," nikamwambia. "Mimi hiki."

Alikitazama chumba cha tatu, ambacho kilikuwa kitupu, hata kitanda hakina.

"Nimesikia," akasema. Akachukua begi lake.

Nilitamani aseme neno lingine. Abishe. Agonge ukuta, aseme hii ni nyumba yake pia. Pengine ningemfukuza na pengine ningempisha, sijui. Alikwenda hadi kituo kwa miguu.

Septemba 11

Mipichi ya bondeni imechanua, tunaiona kutoka juu, hakuna wa kuivuna. Bunge limefunguliwa jana.

Leo nilikuwa naoka mkate, na mama alikuwa ameiweka redio mapajani. Kikao kilikuwa cha maswali. Kukawa na maswali ya barabara, ya chanjo ya kondoo. Kisha Spika akasema, "Mheshimiwa Mofoka, swali lako, kwa kifupi."

"Sina swali," akasema Seabata. "Mwezi wa sita nilisema ndiyo ndani ya chumba hiki. Nataka iandikwe kwamba sikuwa na haki ya kuisema."

"Mheshimiwa, huu si wakati wake. Keti."

"Kuna watu elfu moja na mia mbili bondeni kwangu."

"Mheshimiwa Mofoka, nimekuagiza uketi."

Mama akashika redio kwa mikono miwili. Mimi nilisimama na unga hadi viwikoni. Nilijua kitakachofuata. Ningeweza kukisema mimi: nimesikia, Mheshimiwa Spika. Halafu sauti ya kiti.

"Siketi," akasema mume wangu.

Kelele zikaanza, wengine wanacheka, wengine wanapiga meza. Spika akamwagiza mara ya pili na mara ya tatu. Kila mara alijibu neno lile lile, na sauti yake haikuwa ya gwaride tena, ilikuwa ya mzee, imepasuka. Wakaitwa askari wa Bunge wamtoe nje. Tulisikia kitu kikianguka. Kisha akaitwa mbunge mwingine, naye akauliza habari za maziwa.

Nilikaa sakafuni. Nililia kama nisivyolia kaburini, kama nisivyolia hata wakati wa theluji ile. Laiti ingekuwa miaka kumi na minne iliyopita. Ingekuwa hata mwezi wa sita. Neno dogo namna hiyo, na kumbe alikuwa nalo.

Mama hasikii vizuri. Alinigusa bega kwa fimbo.

"Wamemfanya nini?"

"Wamemtoa nje. Amekataa kuketi."

Akaizima redio.

"Kwa hiyo maji hayatakuja?"

"Yatakuja, mama."

Akaitikia kwa kichwa. Akaniambia niinuke, mkate unaungua.